Siku Meya wa Tita Luz Aliposhindwa

Harufu ya kitunguu saumu kikaangoni, kikimwagiwa siki, hunirudisha Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka minane, shule zimefungwa, na Mama alishinda kwenye maduka ya jumla ya nguo Barabara ya Zhanqian, akihangaika mzigo wake uwahi kontena bandari ya Huangpu. Mimi aliniacha kwa jirani, Mfilipino aliyekuwa mwimbaji wa hotelini. Nilimwita Tita, kama watoto wa kwao wanavyomwita shangazi. Kiingereza changu cha shule kilitutosha.

Tita Luz alinisimulia mji wake hadi nikaujua kuliko Guangzhou yenyewe: kanisa huku, ofisi ya manispaa kule, katikati uwanja, na jina la meya limeandikwa kila mahali, kwenye vituo vya basi, paa la shule, hata ubavuni mwa gari la wagonjwa. Nikadhani mji mzima ni wake. Gari hilo ndilo lililompeleka mama yake Tita kusafishwa damu kila wiki, na meya mwenyewe alikuwa akimpitia kumjulia hali. Sasa kaka yake Tita, wa tumbo moja, akaamua kugombea umeya dhidi ya mtu huyohuyo. Jamani, nilichanganyikiwa. Sasa sisi tulikuwa tukimwombea nani?

Simu ilipoita, kaka alikuwa ameshinda. Nikarukaruka. Tita akakaa chini sakafuni akalia, kitunguu saumu kikaungua jikoni. Nikamwambia asilie, gari si litakuwa la kaka yake? Tena si la manispaa lile, la watu wote? Kumbe kaka yake naye alishamwambia hivyohivyo.

"Gari lilikuwepo hata kabla ya meya huyu," akasema. "Ila kwetu lilikuwa haliji."

Sikuelewa. Nilihisi tu kwamba nimesema upuuzi, nikaenda kuzima jiko.

Mama yangu alipofariki, diwani wetu hapa Dar es Salaam alileta maturubai na viti vya kata, akakaa nasi hadi tukaanua matanga. Mwaka huu kaka yangu anagombea kiti chake, na anataka nipande jukwaani nimwombee kura. Ananiambia yale maturubai yalikuwa ya wananchi. Kweli, yalikuwa ya wananchi. Mkutano ni kesho, na mpaka sasa sijui kama nitakwenda au nitajidai naumwa.