Jumamosi Niliyomtoa Ukungu Kambini

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la fotokopi pale Mlandege, Iringa, simu mkononi, nikimtaka mtu ambaye sijawahi kumwona uso anithibitishie kwamba yeye si msaliti. Watu karibu arobaini walikuwa wakisikiliza. Nami nilijiona natenda haki.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja mbio kuniambia wenzako wamekuchagua uongoze kundi lenu la mchezo. Nilikupongeza, kisha nikanyamaza, ukadhani mama yako mdogo anadharau mambo ya vijana. Sidharau. Sijafika umri wa kutembelea fimbo, lakini kwa mambo ya simu mtu anayekaribia arobaini ni bibi kizee, na bibi huyu aliwahi kukikalia kiti hicho ulichopewa. Nilikikalia vibaya. Kaa hapa unisikilize, chai ipo.

Mchezo wetu ulikuwa wa ngome. Unajenga ngome yako kwenye simu, unajiunga na wenzako mnakuwa kambi moja, na kila Jumamosi mchana kambi yenu inapigana na nyingine. Yetu ilikuwa na watu arobaini, karibu wote wa Iringa na Mbeya: walimu, mafundi, wanachuo, hata muuguzi mmoja. Wengi hatukuwahi kuonana. Tulijuana kwa majina ya kwenye mchezo na kwa sauti, maana siku ya vita tulikuwa tunapigiana simu ya kundi na kuongea wote. Mimi nilikuwa kiongozi. Kazi yangu ilikuwa kupanga nani ashambulie wapi, kuutangaza mpango Jumamosi asubuhi, na tukishinda, kugawa masanduku ya zawadi yaliyotolewa na mchezo wenyewe. Masanduku yalikuwa matano. Watu arobaini, masanduku matano, na mgawaji mmoja.

Msaidizi wangu alikuwa Mama Mgaya, fundi cherehani wa Nyololo, mwanamke wa miaka hamsini na ushee aliyefundishwa mchezo na binti yake kisha akampita. Na alikuwepo Lusajo, mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa akisoma chuo Mbeya. Lusajo alikulia kwetu. Mimi ndiye niliyempeleka darasa la kwanza nimemshika mkono, analia njia nzima. Nampenda hadi leo. Basi kila masanduku yalipokuja, moja lilikuwa la Lusajo. Sikuliona kama upendeleo, maana kila wiki nilikuwa na sababu. Wiki hii amepigana vizuri. Wiki hii ngome yake imebomolewa, masikini. Wiki hii ana mitihani, nimtie moyo. Watu walianza kuandika vijembe kwenye kundi, vidogo vidogo, na mimi nikavisoma kama wivu.

Halafu tukaanza kushindwa. Kulikuwa na kambi moja ya Mbeya tuliyopangiwa kupigana nayo Jumamosi kadhaa mfululizo. Kila tulipokwenda kushambulia tuliwakuta wamejipanga wanatusubiri, kana kwamba wameusoma mpango wetu kabla hatujauanza. Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara ya pili nikaacha kusema, nikaanza kuangalia watu.

Mwanangu, sijui kama umewahi kuishi na shaka. Inakaa na wewe kama mpangaji. Nilianza kuangalia nani yuko hewani saa ngapi. Nikawa napiga skrinshoti za meseji za watu na kuzisoma upya kazini, neno kwa neno. Mtu akiuliza tunaanza saa ngapi, najiuliza anaulizia nani. Mtu akitania, najiuliza anaficha nini. Mteja analeta cheti chake, namtolea kopi huku jicho liko kwenye simu. Mmoja nilimtolea kopi kumi za upande usio na maandishi, akaniangalia tu, akazirudisha.

Shaka yangu ilizunguka kambi nzima ikaja kutua kwa mtu mmoja aliyejiita Ukungu. Alikuwa mgeni, ana miezi miwili tu, na alisema anatoka upande wa Mbeya. Alikuwa anapiga vizuri kuliko sisi wote. Na hakuwahi kuongea. Sisi wote tunapiga kelele kwenye simu, yeye anaandika. Nilipomwuliza kwa nini, aliandika kwamba mtandao wa kwao ni mbovu. Lakini maandishi yake yalikuwa yanafika papo hapo, nikaliweka hilo moyoni. Tena Ijumaa moja aliuliza nani atapangwa lango la mashariki. Hilo nalo nikaliweka. Sikujiuliza kwamba watu wengine watano walikuwa wameuliza swali hilohilo.

Nilimweleza Mama Mgaya. Akanishauri nisubiri, akaniuliza kama nimewachunguza wote. Nikamwambia wote. Haikuwa kweli. Lusajo sikumgusa.

Jumamosi hiyo tulishindwa mara ya tatu. Vita ilipoisha nikawaomba watu wasikate simu. Nikasema kwa sauti ya kiongozi, ile sauti unayoijaribu mwenyewe kabla ya kuitumia: "Ukungu, washa kipaza sauti. Leo tunataka kukusikia."

Akaandika: Siwezi.

Nikamwuliza kwa nini. Nikamwuliza anaishi wapi, anafanya kazi gani, nani alimleta kambini, ana akaunti ngapi, anamjua nani kwenye ile kambi nyingine, kabla ya kwetu alikuwa kambi gani, kwa nini aliulizia lango la mashariki. Akawa anajibu kwa maandishi, moja baada ya jingine, kwa upole. Majibu yake yalikuwa mazuri, na kwa jinsi nilivyokuwa, uzuri wake ndio ulionikasirisha zaidi. Nikatunga sheria hapohapo: asiyeongea leo atoke. Halafu kipaza sauti chake kikawaka. Tukasikia mashine inanguruma kwa mbali, kisha pumzi ya mtu, kisha sauti kama "m... m... m..." isiyofika popote. Mtu mmoja akacheka. Wengine wakacheka. Kipaza sauti kikazimwa.

"Anatuchezea huyu," nilisema, nikamtoa.

Walinipongeza sana. Meseji zilimiminika kwamba hatimaye kambi ina mwenyewe. Na ndani ya saa hiyohiyo Lusajo akaniandikia pembeni kwamba samahani, hakupigana, alikuwa amelala. Ilikuwa mara yake ya pili, na sheria yetu ilisema ukikosa vita mbili unatoka. Nikamjibu: Pole mdogo wangu, pumzika.

Jioni hiyo Mama Mgaya akanipigia. Nilidhani ananipongeza na yeye. Akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, Ukungu umemwuliza maswali manane. Nimeyahesabu. Lusajo umemwuliza mangapi?"

Nikamwambia Lusajo ni damu yangu, namjua.

"Ndiyo maana nakuuliza," akasema. Nikasikia mkasi unakata kitambaa. "Kama kweli unamjua, kumwuliza kungekupunguzia nini?"

Hakunikaripia zaidi ya hapo. Akaniaga, akakata simu. Nami badala ya kuona aibu nikaona hasira. Nikajiuliza kwa nini anamtetea mtu asiyemjua. Wiki nzima nikamshuku hata yeye, mwanamke ambaye hakuwahi kuniomba hata sanduku moja. Ujue ugonjwa huo ulivyo, mwanangu. Ukishamkosea mmoja, unaanza kumtazama vibaya kila anayekuonyesha kosa lako.

Jumamosi iliyofuata tukaingia vitani bila Ukungu. Tukawakuta wanatusubiri vilevile. Kila lango.

Nililaza simu juu ya kaunta. Msaliti nimemfukuza, na usaliti bado upo. Sikuwa tena na pa kukimbilia, na siku ile ndipo nilipompigia Lusajo, tena nikijiambia namwuliza ili tu nimjibu Mama Mgaya. Nikamwuliza kama amewahi kumwonyesha mtu mpango wetu.

Hakushtuka hata kidogo. "Mpango? Si unanitumiaga mwenyewe Ijumaa, dada?"

Nilikaa kwenye stuli. Kweli nilikuwa namtumia. Kila Ijumaa mchana, kabla ya watu wote, nilikuwa namtumia mpango ili achague mwenyewe sehemu nyepesi. Nilikuwa nimezoea hivyo kiasi kwamba sikuuhesabu tena kama kutoa siri. Yeye alikuwa anamwonyesha mwenzake wa bwenini, kwa kujisifu tu kwamba dada yake ndiye bosi. Mwenzake huyo alikuwa kwenye ile kambi nyingine. Lusajo aliapa kwamba hakulijua hilo. Nilimwamini nusu, na ile nusu nyingine hadi leo sijapata pa kuiweka.

Basi huko ndiko siri ilikokuwa inatokea. Nilikuwa nimesimama langoni namkagua kila apitaye, na mpango unatoka kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mtu niliyemwona ni mwema mno hata asiulizwe.

Ilinichukua siku mbili kuandika ukweli kwenye kundi. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikaweka yote: masanduku, Ijumaa, Lusajo, maswali manane. Nikaomba Mama Mgaya achukue uongozi. Wengine walinitukana. Lusajo alitolewa kwa sheria ileile ya vita mbili, akakasirika, hakunipigia miezi mitatu.

Nikamwambia Mama Mgaya nataka kumwomba radhi Ukungu, lakini sijui pa kumpata. Kumbe yeye alikuwa amemwandikia siku ileile niliyomtoa, kumpa pole. Alimwuliza kwanza kama anataka kuniona. Ukungu akakaa siku tano, ndipo akajibu kwamba nikipita Chimala naweza kushuka.

Nilikuwa na safari ya Mbeya kumwona shangazi. Nikashuka Chimala. Nikaelekezwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikamkuta mwanaume wa miaka thelathini hivi, kope zimejaa vumbi la pumba. Jina lake Elia. Akanipa mkono, akafungua mdomo anikaribishe, na neno likagoma. Shingo ikamkakamaa, macho akayafumba, mpaka likatoka: "Ka... ka... karibu dada."

Nilikumbuka ile pumzi kwenye simu, na watu wakicheka, na mimi nikiwaongoza.

Nilimwambia yote niliyopanga kumwambia, nikayachanganya. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinivutia gunia tupu nikalie, akakaa na yeye. Alieleza kwa shida, akipumzika katikati, kwamba tangu shule watu walikuwa wanamalizia maneno yake. Kwenye ule mchezo hakuna aliyemmalizia. Alikuwa mtu kama wengine, tena mtu anayesubiriwa vita ianze. Kisha akaniangalia usoni.

"Ungeni... ungeniuliza peke yangu," akasema, "ni... ningekuambia."

Nikamwomba arudi kambini. Akatikisa kichwa, bila hasira. Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama na mimi mpaka basi likaja. Baadaye Mama Mgaya alimwomba mara mbili. Hakurudi.

Ndiyo hayo. Nimekaa nayo miaka mingi bila kumsimulia mtu wa nyumbani, hata mama yako hajui.

Sasa wewe unaingia. Usije ukadhani nakuambia usishuku. Utashuku tu, watu wanadanganya, na kiongozi asiyeangalia anaibiwa kambi. Ila shaka yako uigawe sawa. Swali utakalomwuliza mgeni, kamwulize pia rafiki yako, tena umwulize yeye kwanza, kwa maneno yaleyale. Ukiona ulimi unakuwa mzito kumwuliza, simama hapo. Hapo ndipo penye kazi yako. Sheria usiitunge ukiwa na mtu fulani kichwani, itungwe watu wametulia na ikukamate hata wewe. Zawadi usizigawe peke yako, mpe mtu mwingine azigawe, tena mtu asiyekuogopa. Na mtu ukiwa na shaka naye, mfuate pembeni kabla hujamweka mbele ya watu, kwa sababu hujui anachokificha, na mara nyingi si kile unachokitafuta. Na siku utakapojisikia una uhakika kabisa, huna hata chembe ya wasiwasi juu ya mtu, awe ni wa kumfukuza au wa kumkumbatia, siku hiyo jishuku wewe.

Wapo watakaokuambia ni mchezo tu. Waache. Mtu anaweza kuwa amepata heshima yake yote ya wiki nzima ndani ya mchezo huo.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe moyo unaochelewa kuhukumu, na akupe mtu mmoja wa kukuambia ukweli hata siku ambayo hutaki kumpokelea simu. Utakaowaongoza wakuone una haki, hata wale watakaotoka. Na ukikosea, maana utakosea, Mungu akupe ujasiri wa kwenda mwenyewe kuomba radhi. Haya, inuka sasa. Wenzako wanakusubiri.