Neno nilisema juu ya kaburi, na zile fizike mbili

Weye mwenye unachungaka hii paje ya mashauri mu telefone, jina yangu ibakie kwako tu. Miye ni mama muzee, niko hapa Bunia, mu mutaa ya Bigo. Miaka? Batoto banasema swasant-duze, ni kusema makumi saba na mbili, miye nasema inapita pale, juu nilizaliwa wakati ya kupanda maharagi na hakuna mutu aliandika. Sikusoma. Jirani yangu njo iko anaandika mu telefone, miye nasema tu, na nimemwambia asikate kitu.

Tulitoka Djugu na vita, sawa batu mingi. Niko na mujukuu moja, tumwite Furaha. Mama yake alikuwa mutoto yangu ya mwisho. Alikufa na mimba ya pili, Furaha angali mudogo, dokta hakukuwa, na muganga wa kituo alikuwa amekimbia. Siku ya kumuzika, mbele ya batu yote, nililala juu ya ule udongo nikasema: "Mutoto yako atakuwa dokta. Ni miye nasema." Kwetu, neno kama ile haitupwe. Ukitaka kuirudisha, unaenda palepale ku kaburi, na ndugu ya marehemu pembeni yako, unaisema tena na kinywa yako mwenyewe.

Miye nafagiaka ku iniversite. Nafutaka pia tablo, ule ubao wa chaki. Magoti inaniuma, lakini tablo inafutwa na mikono. Pale iko masomo mbili ya fizike. Moja ni ya bale batakuwa madokta na baenjenyere. Tablo yake inajaa herufi mpaka chini, naiosha na maji mara tatu, na profesere yake hasalimiake mutu. Ingine ni ya bale basisomake mambo ya sayansi, bale ba sheria na ba kufundisha. Banaisomaka kidogo tu, ili bajue dunia inatembea namna gani. Tablo yake iko na mapicha: kinga ya magurudumu mbili, mutu anasukuma pusupusu ya mizigo, sufuria ku moto. Ile napendaka. Siku ingine sifute mbio, naangalia kwanza.

Furaha aliingia mu ile ya madokta. Mwaka yote alikonda. Alirudiaka na macho mekundu, ananiambia miye bibi yake, "Koko, ni vumbi." Nikaamini vumbi, ujinga yangu. Hii mwaka akaanza kunona, kucheka, kuniuliza juu ya nini natiaka kifuniko ku maharagi. Maharagi ya kule Marabo, ile inaivaka mbio, si hii ya sasa ya soko, sawa mawe. Nikasema asante Mungu, mutoto amezoea.

Wiki iliisha, niliingia mu chumba ya fizike ya mapicha na ndoo yangu, nilifikiri bamemaliza. Kumbe bado. Furaha amesimama mbele, chaki ku mukono, anaeleza benzake namna moshi ya maji inasukuma kifuniko. Anaongea sawa mutu iko kwake. Kijana moja akaniita: "Mama, ngojea kwanza, profesere yetu hajamaliza!" Bakacheka. Furaha akageuka, akaniona. Chaki ikaanguka.

Ku nyumba akanipigia magoti.

"Koko, ile ingine ilinishinda. Nilianguka. Nikahamia ku bale ba kufundisha."

"Na haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani? Weye unaniitaka Dokta hata mbele ya mbuzi ya jirani!"

Ni kweli, namuitaka vile.

"Sasa unapenda nini?"

"Kufundisha hii ya mapicha. Batoto banakimbiaka fizike juu hakuna mutu anabaeleza." Akapanguza chaki ku vidole. "Lakini ile neno ulimwahidi mama ku kaburi naijua, Koko. Ukisema nirudi, nitarudi. Bangali banaandika majina ya benye kurudi mpaka siku ya tano, Ijumaa."

Nikainuka, nikaenda kuangalia sufuria ku moto. Na kesho yake njo niliharibu. Dada ya marehemu, mutoto yangu mwingine mwenye anaishi Mambasa, akapiga simu. Yeye alikuwa pale ku kaburi, alisikia. "Mama, Dokta yetu iko namna gani?" Ningesema palepale. Kinywa ikaogopa, ikasema: "Iko muzuri, iko na benzake madokta."

Akapiga kelele ya furaha. "Basi nimeshonesha bluzi yake nyeupe, ile kanzu ya madokta! Nakuya siku ya Mungu, Jumapili, tutamuvalisha ku kanisa, batu ya kwetu baone."

Nikimurudisha Furaha kule, atakonda tena, na ni miye nitakuwa nimemukondesha. Nikisema ukweli, dada ya marehemu ataniuliza: mama, ulidanganya maiti? Na kurudisha neno siwezi. Kaburi iko kule, njia iko na benye bunduki, hata majani ya pale sijui imefika urefu gani. Hapa siwezi, kule siwezi. Furaha mwenyewe hanisukume. Kila asubui anavaa viatu polepole, ananiangalia, anangojea niseme, anaenda. Afazali angenitukana.

Nyinyi benye mulisoma, na nyinyi bazee benye muliacha makaburi ya batu yenu nyuma: iko mutu alirudisha neno bila kufika pale alilisema? Alifanya namna gani? Nishaurini, jirani atanisomea yote, hata matusi asome. Mutoto wa marehemu nimwambie nini mbele ya siku ya tano?