Posa ya Baba, kutoka Kinango hadi Tiwi

Aliyenituma safari hii ni kaka yangu Hamisi. Yeye yuko Doha, mimi ninashona nguo Ukunda, na baba yetu, tangu mama alipofariki, amekuwa akiishi peke yake Kinango na mbuzi wake. Hamisi alisema mzee hawezi kuendelea hivyo, nikamlete kwangu. Nikasafisha chumba, nikaazima gari la jirani.

Asubuhi nilipita Kombani, nikapanda Kwale mjini kwenye ukungu. Kuelekea Kinango nchi ilizidi kukauka, na karibu kila ua nilioupita ulikuwa na mzee mmoja au wawili tu. Sisi wengine tumeteremkia pwani, au tumevuka bahari.

Kinango nilimkuta baba amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kanukia udi. Nikafurahi kwamba hatabishana.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Umefanya vyema kuja na gari," akasema, akaketi mbele. "Twende Tiwi."

"Tiwi kuna nini?"

"Kuna posa."

"Ya nani?"

"Yangu."

Njiani alinieleza habari za Bi Mwanasha, mjane waliyejuana mnadani Kinango, bibi huyo alipokuja kununua mbuzi. Nikamwuliza mshenga wake ni nani.

"Ndugu zangu wamekwisha kufa, kaka yako yuko Arabuni. Nimebaki na wewe, binti yangu."

Nusura niingie mtaroni.

Tiwi, Bi Mwanasha alitupokea kwa mahamri na chai ya tangawizi. Naye hakuwa na wa kumsemea ila bintiye Rukia, aliyeko kazini Muskati. Simu ikaegemezwa kwenye birika, uso wa Rukia ukatokea. Wazee wakainamisha macho kama wari wanaoposwa, mabinti tukasemezana.

"Dada, mzee ana maradhi gani?"

"Magoti tu."

"Anakoroma?"

Baba alinitikisia kichwa kukana.

"Anakoroma," nikasema.

"Afadhali," Bi Mwanasha akadakia. "Kimya cha nyumba hii kimenichosha."

Rukia akasema kwamba kila usiku humpigia mama yake kumwuliza kama amefunga mlango. "Mama, unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi mimi sina neno."

Nikauliza watakaa wapi. Baba alikuwa na jibu tayari: maji yakikauka Kinango watakuwa Tiwi, mvua ikinyesha watarudi kwa mbuzi.

Jioni tulifika kwangu, alale kabla sijamrudisha Kinango. Nikampigia Hamisi. Alicheka mpaka akakohoa. Wote wawili tulikuwa tumepanga mzee alale wapi, ale nini na nani amtazame. Yeye mwenyewe anataka nini, hatukumwuliza.

"Harusi ni lini?" akaniuliza.

"Wazee wakikubaliana siku na Rukia."

Maziko ya mama yetu yalimpita Hamisi, alinyimwa ruhusa kazini. "Niambieni mapema," akasema. "Safari hii nitakuja."