Sinki la Wodi ya Vichanga

Hospitali nzima ilimwita Mama Sahani, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameinamia visahani vya kuoteshea bakteria, katika chumba cha maabara chenye dirisha moja nyuma ya jengo la kufulia. Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile alipanda ngazi za wodi ya vichanga akihema kwa hasira, fomu imekunjamana mkononi.

Daktari mkuu alikuwa ameirudisha na wino mwekundu: "Bakteria wawili tofauti. Hakuna maambukizi ya wodini. Faili lifungwe."

Vichanga wawili, ndani ya wiki mbili. Kweli, kila mmoja alikutwa na bakteria wa jina tofauti. Ila bakteria wote wawili walikuwa sugu kwa dawa zilezile nne. Mtoto wa kwanza alishazikwa. Wa pili alikuwa bado anapigania pumzi.

Mama Sahani hakuwa amekisia. Alichukua bakteria sugu kwa dawa hizohizo kutoka sinki la wodi, akamchanganya na bakteria mnyonge wa aina nyingine kwenye kichupa kimoja. Kesho yake mnyonge alikuwa anaota vizuri tu juu ya dawa iliyokuwa ikimuua jana. Alikuwa amepewa plazmidi, kipete kidogo cha jeni ambacho bakteria hukinakili na kumpitishia mwenzake, hata asiye wa ukoo wake.

Wodini alimkuta wifi yake, muuguzi mkuu, akimimina mabaki ya dripu kwenye sinki la kunawia.

"Wifi, hiyo ni nini?"

"Mabaki ya antibiotiki. Ulitaka nikuwekee unywe?"

"Kila siku unamwaga hapo?"

"Nimwage wapi, kichwani kwa kaka yako? Ndoo ya mabaki tumeiomba tangu mwaka juzi."

"Sasa sikiliza. Humo kwenye bomba la chini unawaonjesha bakteria dawa. Wanyonge wanakufa, wenye plazmidi wanabaki wanagawiana. Ukifungua maji, yanawarusha mikononi mwako, halafu unamshika mtoto."

Wifi alitazama mikono yake iliyolowa. "Mkuu kasema bakteria ni tofauti."

"Mkuu anasoma majina. Fomu yake haina nafasi ya kuandika mzigo waliobeba. Wezi wawili wakipeana nakala ya ufunguo mmoja, utaniambia hawajuani kwa sababu sura hazifanani?"

Alipiga simu ya ukutani. Daktari mkuu alimsikiliza kidogo, kisha akamwambia ajaze fomu mpya. Kamati ingekaa mwisho wa mwezi.

"Saa sita mnaletewa kichanga mwingine," alisema Mama Sahani. "Habari za kamati mwambie yeye."

Akakata simu. Alipiga magoti sakafuni, akaingiza mkono chini ya sinki na kukaza koki mpaka vidole vikamuuma.

"Utaitwa ofisini," alisema wifi.

"Niitwe. Ripoti tatu nimeandika, hakuna aliyeniita."

Wifi alikata plasta ndefu, akaizungushia bomba mara nne, akabandika karatasi: LIMEFUNGWA. Kisha akasukuma kitanda cha yule mtoto wa pili mpaka ukuta wa mbali na sinki.

"Tutanawa koridoni," aliwaambia wauguzi wenzake. "Anayelalamika aje kwangu."

Mama Sahani alichukua chupa ya dripu kuipeleka kwenye tanuri la taka. Hasira haikuwa imepungua hata chembe.