Breki za Mama Keki

Mama Keki alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na kitu, umri ambao, kwa maneno ya mumewe, mtu anatakiwa awe anajifunza kupumzika. Lakini angefanyaje? Alianza na keki moja ya mwanawe wa mwisho, jirani akaonja, jirani akaagiza, na jirani wa jirani naye hakutaka kupitwa. Mara nyumba nzima ikawa inanukia vanila mpaka ndani ya kabati la nguo, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu.

Kuoka hakukumshinda. Kilichomshinda ni kufikisha. Siku moja alikodi teksi, dereva akakata kona kama anafukuzwa na polisi, na keki ya ghorofa mbili ikafika ukumbini ikiwa ya ghorofa moja na kifusi. Mama wa bibi harusi alimwangalia kwa jicho ambalo hakulisahau. Siku hiyohiyo akaapa kwamba atanunua gari lake mwenyewe, na kiapo akakitimiza: gari dogo jeupe, la otomatiki, mtumba lakini safi.

Kiti cha abiria alikilaza, akakitandika mpira usioteleza, na hapo ndipo keki zilipokaa, kwa heshima zote, kama wakwe. Binadamu hakuruhusiwa kukaa mbele. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani kusoma mita za maji, alipandishwa mara moja, akapewa kona ya kiti cha nyuma katikati ya masanduku, akasema bora miguu yake. Hakuwa anajua kuendesha, na hakutaka kujua.

Mama Keki aliendesha polepole. Polepole kiasi kwamba mpita njia aliweza kumsalimia, akajibiwa, akauliza na hali ya watoto, kabla gari halijampita. Madereva wa nyuma walipiga honi mpaka wakachoka. Yeye hakujali. Keki ilifika nzima, na ndicho alicholipiwa.

Shida ilianzia kwenye sauti. Asubuhi moja alisimama mbele ya lango la mteja, gari likatoa kilio chembamba, kirefu, mpaka mlinzi akatoka kuona nani amekanyaga paka.

"Breki hizo, mama," mlinzi akasema. "Zimekwisha."

Akalipeleka gari kwa Fundi Kofia. Huyu alikuwa na banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua liwake vipi. Alifungua gurudumu, akachomoa kipande cheusi kidogo kama sabuni iliyobaki bafuni.

"Hii ndiyo pedi ya breki. Ikikanyagwa, inabana hii diski, gurudumu linasimama. Ona, imeliwa mpaka kwenye bati."

"Na bei?"

"Inategemea. Kuna za bei ya kawaida na kuna nzuri."

Mama Keki alijua nini maana ya siagi ya bei ya kawaida. Akasema afungiwe nzuri. Fundi Kofia akaenda dukani, akafunga, akamwambia hizo azisahau kwa miaka miwili. Mama Keki akalipa, akaondoka na raha zake.

Nusu mwaka haujaisha, kilio kikarudi.

"Fundi, ulisema miaka miwili."

"Nilisema, mama."

"Sasa?"

Fundi Kofia alizungusha ile pedi vidoleni, akaitazama upande huu na upande ule. Ilikuwa imeliwa kama ya kwanza. Akalichukua gari mwenyewe, akaliendesha mpaka barabara kuu, akarudi, akashuka taratibu. "Gari halina tatizo. Hata mimi sielewi."

Hilo ndilo jibu lililomvuruga Mama Keki. Angesema ni hiki, angelipa. Angesema ni kile, angebisha. Lakini fundi asiyeelewa, unamfanya nini? Akaenda kuuliza madukani. Duka la kwanza likamtajia bei moja, la pili bei nyingine kwa kitu kilekile, na la tatu likamuuliza anataka kwa risiti au bila risiti. Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka.

"Wanakuchezea," mumewe akasema, huku anakanda nyayo zake. "Anakufungia nzuri mbele ya macho yako. Ukienda chooni, anachomoa."

"Sikwenda chooni."

"Basi ulikuwa unaangalia simu."

Alikuwa ameangalia simu, kweli. Nani haangalii? Neno lile likamkaa. Kesho yake alirudi bandani, na ulimi ukamtangulia. Alimwita Fundi Kofia mwizi mbele ya wateja wake, akamwambia anakula jasho la mwanamke bila haya. Alitegemea matusi, alijiandaa nayo kabisa. Fundi Kofia aliinamisha macho akaitazama mikono yake iliyojaa grisi. Mama Keki akaondoka akiwa ameshinda, lakini hakujisikia kama mtu aliyeshinda, na hilo nalo hakulielewa.

Safari hii akaenda gereji kubwa, yenye vioo na viti laini na maji ya baridi ya bure. Mtu mwenye ovaroli isiyo na doa akalizunguka gari lake, akarudi na majibu: pedi mpya, diski mpya, mafuta ya breki, na kusafisha. Bei aliyoitaja ilikuwa sawasawa na ile mashine kubwa ya kuchanganyia unga ambayo Mama Keki alikuwa akiiwekea akiba tangu mwaka uliopita.

"Hiyo ni kwa magurudumu yote manne?"

"Ya mbele tu, mama."

"Na ya nyuma?"

"Ya nyuma yana bei yake."

Alilipa. Baadaye hakuweza kumweleza mumewe kwa nini. Labda ni kiti laini. Labda ni kwamba mtu yule hakusema "sielewi" hata mara moja. Akaendelea kuchanganya unga kwa mikono, usiku mabega yakimuwaka moto.

Halafu ikaja harufu. Mteja mmoja alifungua sanduku, akainama, akanusa, akauliza kwa adabu kama keki hii ilikaribia moshi. Mama Keki akanusa. Vanila tupu. Lakini aliporudi kwenye gari harufu ikampiga usoni, harufu ya kitu kilichoungua, na alipogusa gurudumu la mbele akarudisha mkono haraka kama aliyegusa bati la oveni.

Gereji kubwa wakaangalia, wakasema kila kitu kiko sawa ila pedi zinaisha tena. "Labda unabeba mzigo mzito."

"Nabeba keki."

"Keki ngapi?"

Hakujua kama ni swali au anachekwa. Wakati huo akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Akilala alisikia kile kilio. Akiwa jikoni, sufuria ikikwaruza sinki, aliruka. Hakumwelewa fundi, hakuielewa gereji, hakuielewa pesa yake ilivyokuwa inayeyuka ndani ya magurudumu. Kila aliyemuuliza alikuwa na jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana.

Ilikuwa Jumamosi ya harusi kubwa, keki ya ghorofa tano, ndipo wifi yake alipoingia. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwanamke wa sauti kubwa aliyekodisha viti na maturubai, na pikapu lake lilimtii kama askari. Kwa kuwa keki ilikuwa haienei gari moja, ghorofa mbili za chini zilipanda pikapu, Mama Keki akatangulia na zile za juu, wifi akafuata nyuma.

Walipofika ukumbini, wifi alishuka amekunja uso, anajikanda shingo.

"Wifi, taa zako zina nini?"

"Taa zipi tena?"

"Za nyuma. Zile nyekundu za breki. Zimewaka kuanzia kwako mpaka hapa. Mimi nakaa nyuma nasema sasa anasimama, sasa anasimama, husimami! Nimekuja nimejikaza njia nzima kama nakwenda kuchomwa sindano."

Mama Keki aligeuka kuzitazama. Breki, na sasa taa! Akilini alimwona yule mtu wa ovaroli safi akimjia na bei mpya. Lakini kwanza keki ipangwe, wakaipanga, ikasimama, watu wakapiga picha. Ndipo wifi akamvuta mpaka kwenye maegesho.

"Ingia. Washa. Kanyaga breki."

Taa zikawaka.

"Achia."

Zikazima.

"Mbona nzima? Haya, sogea mbele kidogo."

Gari likaanza kujivuta, na taa zikawaka.

"Achia breki!"

"Nimeachia!"

"Hujaachia!"

"Wifi, gari linatembea! Nitakuwaje nimekanyaga breki na gari linatembea?"

Wifi akaja pembeni, akaingiza kichwa dirishani, akawa anatembea sambamba na gari. Kwa mwendo ule haikuwa kazi. Akatazama chini. Akainama zaidi, kichwa karibu kigonge usukani.

"Wifi," akasema mwishowe. "Huu mguu unafanya nini hapa?"

Mama Keki naye akatazama. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya pedali ya mafuta. Wa kushoto ulikuwa juu ya breki, umetulia pale na kandambili yake kama mtu aliyesinzia kwenye kochi la watu.

"Si ndipo unapokaa?"

"Nani amekufundisha hivyo?"

Hakuna aliyemfundisha. Chuo cha udereva walimfundishia gari la gia za mkono, lenye pedali tatu, na mguu wa kushoto ulikuwa na kazi yake ya klachi. Alipopata gari la otomatiki alikuta klachi haipo. "Niliona miguu miwili, pedali mbili," akasema. "Nikagawa."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto na gauni lake la kwendea harusini. Mama Keki hakucheka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, anajaribu kuliweka jambo mahali pake.

"Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa nabana breki?"

"Kidogo kidogo. Njia nzima. Kila siku."

"Na mguu wa kulia?"

"Huohuo mmoja unafanya kazi zote. Mafuta, breki, mafuta, breki."

"Na wa kushoto ufanye nini?"

"Haufanyi kitu."

"Kitu gani?"

"Hakuna, wifi. Unakaa tu."

Hilo ndilo halikumwingia akilini kabisa. Katika mwili wake wote hakukuwa na kiungo kilichowahi kuambiwa kikae tu. Aliukunja mguu, akauficha chini ya kiti, akagusa mafuta kama alivyozoea. Gari likaruka. Lilikuwa na mbio ambazo hakuwahi kuzijua. Akapiga kelele, mguu ukachomoka kule mafichoni, ukakanyaga breki wenyewe, na wifi aliyekuwa ameshaanza kunyanyuka akakaa tena kwenye kokoto.

Jumatatu alikwenda kwa Fundi Kofia. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini njia yenyewe ilimchosha, maana mguu wa kushoto ulikuwa unataka kutoka kila kwenye kona. Alipofika akabaki amesimama nje ya banda.

"Fundi, hukuniibia."

"Najua," Fundi Kofia akasema.

"Ni mguu wangu." Akamweleza yote. Fundi Kofia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia. Kumbe alikuwa na upara.

"Mama, umeniua," akasema polepole. "Wewe ulipoondoka siku ile nilijua basi nimeuziwa pedi feki. Nikaenda kugombana na mwenye duka. Nilimtukana mbele ya watu, kama wewe ulivyonitukana. Ni binamu yangu. Mpaka leo hatusalimiani. Sasa nikamwambie nini? Kwamba ni mguu?"

Mama Keki akakaa juu ya tairi kuukuu. Alikuja na msamaha mmoja, kumbe ilihitajika miwili, na hakujua kama huo wa pili ni wake au wa fundi. Isitoshe, pedi mpya zilitakiwa, na nzuri zilikuwa kwa binamu. Wakaenda wote wawili, kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwenye duka, mtu mnene mwenye miwani juu ya paji la uso, aliwatazama kutoka nyuma ya kaunta. Alisikiliza habari ya mguu, hakuonyesha kuiamini wala kuikataa.

"Kwa hiyo wewe," akamwambia Fundi Kofia, "uliacha kuja hapa kwa sababu ya pedi?"

"Kwani ulidhani kwa sababu ya nini?"

"Nilidhani pedi ni kisingizio tu, una hasira kwa sababu sikuja kumzika mama mkwe wako."

Fundi Kofia akaduwaa. "Hukuja?"

"Hukuniona kama sipo?"

"Watu walikuwa wengi..."

Wakatazamana. Mama Keki naye akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayefuata mpira. Hakuweza kujua kama ugomvi ndiyo kwanza unaanza au umekwisha. Mwenye duka akashusha miwani puani, akachukua boksi la pedi rafuni, akaliweka juu ya kaunta, akataja bei. Haikuwa ile ya kwanza, wala haikufanana na zile za madukani. Inawezekana Mama Keki alikuwa amepunguziwa. Inawezekana pia alikuwa ametozwa na mazishi humohumo.

Alilipa. Fundi Kofia alikuwa ameshavuta kigoda, amekaa, anataja siku aliyozikwa marehemu na kuuliza binamu alikuwa wapi siku hiyo. Hakuna aliyemwambia Mama Keki aende wala abaki. Akasimama pale na boksi lake mkononi, akatafuta pa kuegemea, na baada ya muda mwenye duka akamsogezea kiti bila kukatiza maneno yake.