Sindano Tuliyoikataa

Wanangu wawili wamezikwa nyuma ya shamba la tambuu la Motaleb, na dada yao mkubwa, Shiuli, alikuzwa akiambiwa kwamba niliwaua mimi. Kwa miaka kumi na mitatu sikutaka kitu kingine ila kumkalisha chini mtoto huyo nimwambie kuwa si kweli.

Motaleb alikuwa mume wangu. Shiuli alizaliwa nikiwa na miaka kumi na minane, katika hospitali ndogo ng'ambo ya mto, maana uchungu ulinishika siku mbili na mkunga wa kijiji akachoka. Kesho yake muuguzi alikuja na karatasi. Sijui kusoma, kwa hiyo nilimtazama usoni.

"Dada, damu yako ni B hasi," alisema. "Ya mumeo ni B chanya, na mtoto amefuata ya baba. Inabidi uchomwe sindano kabla siku tatu hazijaisha, kwa ajili ya watoto watakaokuja."

Mama mkwe alikuwa na tambuu shavuni. Alitema kwanza nje ya dirisha.

"Kwa ajili ya watoto watakaokuja! Msikieni. Wale wanawake wa mikoba wamenifuata mpaka huku."

Kwetu hakuna asiyewajua wanawake wa mikoba. Walipita nyumba kwa nyumba na vidonge na sindano za kuzuia mimba, na mabibi wa kijiji waliwafungia mbwa mlangoni.

"Siyo hiyo, mama," muuguzi alisema. "Hii ni nyingine."

"Kazaa msichana, mmeona basi inatosha? Mwanangu hana mrithi. Nenda kamchome mama yako."

Motaleb alicheka. Yeye alisoma mpaka darasa la nane, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. Muuguzi akanigeukia. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nilisema sitaki. Na mimi nilitaka mtoto wa kiume. Nikavuta nguo usoni, nikasema nataka kwenda nyumbani.

Wa pili alikuwa wa kiume. Mama mkwe aligawa peremende hadi kwa watu aliogombana nao. Kabla ya siku kwisha macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, na kesho yake mwili mzima ulikuwa kama umepakwa bizari. "Mtoto wa dhahabu huyo," jirani mmoja alisema, akidhani anatufurahisha. Tulimwanika kwenye jua la asubuhi. Siku ya nne aliacha kunyonya, akajikunja mgongo kwa nyuma kama upinde, akafa. Jina lilikuwa linangoja siku ya saba.

Wa tatu alitoka amevimba kama kitu kilichookotwa mtoni. Hakulia kabisa.

Hapo ndipo Motaleb alipoichukua ile karatasi akampelekea Habul. Habul tulimwita daktari kwa sababu aliuza dawa na alivaa miwani. Aliiona herufi. Kimstari cha hasi kilichoandikwa pembeni ya herufi yangu hakukiona, au alidhani wino umechuruzika.

"Bwana B, bibi B," alitangaza mbele ya watu waliojaa dukani. "Damu moja! Kaka Motaleb, umeoa dada yako wewe. Watoto watapona wapi?"

Dukani wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Motaleb aliweza kustahimili kuzika, lakini kuchekwa hakuweza. Alinipa talaka tatu pale uani, nikiwa nimeshika samaki ambaye nimemparua upande mmoja. Shiuli alikuwa na miaka sita, akabaki kwa baba yake. Mke mpya alizaa wavulana watatu wazima, na kila aliyezaliwa alikuwa ushahidi mwingine dhidi yangu.

Nilikwenda mjini Barisal, nikapata kazi ya kupika wali na dengu katika nyumba ya kujifungulia. Nimepika pale miaka mingi nikipita karibu na jibu langu bila kulijua. Mwaka jana nilimpelekea chai muuguzi anayeitwa Protima, nikamkuta anamchoma mzazi sindano huku mama mkwe wa huyo mzazi anagomba. Maneno aliyokuwa akigomba mama mkwe huyo ningeweza kumsaidia kuyamalizia.

"Shangazi, huyu damu yake ni hasi," Protima aliniambia baadaye. "Mtoto akiwa chanya, damu ya mama inamwona adui. Wa kwanza huponyoka. Lakini damu imeshajifunza, na wanaofuata inawashambulia humo humo tumboni. Sindano inaizuia isijifunze."

"Na mtu na mumewe wakiwa wote B?"

"Hiyo haina neno. Nani kakudanganya?"

Nilikaa kwenye ngazi, birika mapajani, mpaka wakaja kuuliza wali uko wapi.

Shiuli ameolewa kijiji kingine. Nilikwenda siku ambayo mama mkwe wake alitoka kumjulia hali mgonjwa. Nilimkuta anapepeta mchele, ana mimba ya miezi mitano. Hakuinama kunigusa miguu kwa heshima. Lakini hakunifukuza, na nilimweleza yote kama nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo haikuwa kwa sababu damu zenu zilifanana," alisema.

"Haikuwa."

"Ilikuwa damu yako peke yake. Iliwala ndugu zangu."

"Ingezuiwa, mwanangu. Bibi yako aliikataa sindano. Baba yako karatasi alikuwa nayo mkononi."

"Na wewe ulisemaje?"

Ningeweza kudanganya. Mama mkwe wangu alishakufa, na Motaleb asingekumbuka.

"Nilisema sitaki."

Alipepeta kidogo, akaacha. Akaweka mkono tumboni. "Na mimi je? Nimechukua yako?"

"Hapana. Ulifuata ya baba yako. Walisema pale pale hospitalini."

Alishusha pumzi, uso wake ukafunguka mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto wa miaka sita. Alisema alhamdulillahi, akasema tena. Kisha akanihimiza niondoke kabla mama mkwe wake hajarudi, nipite kwa nyuma, kwenye migomba, majirani wasije wakamuuliza mimi ni nani.