Harufu ya Bafu la Chini

Kila mtu alimwita Dada, hata wajukuu wa nyumba ile, ingawa alikuwa na miaka sitini na mbili na magoti yanayolalamika kila akipanda ngazi. Alifanya kazi za ndani humo miaka thelathini na mmoja. Vyumba sita vya kulala, mabafu matano, na huko nyuma, karibu na kamba za kuanikia nguo, chumba chake: kitanda, sanduku, redio, na dirisha linalotazama ukuta. Bibi mwenye nyumba alimwambia, "Humu hakuna atakayekutoa." Alisema kwa mdomo tu, hakuandika popote, kisha akafa.

Watoto wa marehemu, waliokuwa ng'ambo, wakatangaza nyumba inauzwa. Dada akabaki kuilinda, roho mkononi. Kaka yake alikuwa ameshakufa, wanawe wakauza kiwanja cha nyumbani, na wifi yake akahamia kwa bintiye kwenye chumba kimoja. Nyumba ikipata mnunuzi, Dada hana pa kulaza ubavu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Dada alifanya jambo dogo. Bafu la chini halikuwa na mtumiaji, na bafu likikaa hivyo, maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sakafu hukauka, ikapanda harufu ya shimo la maji machafu. Dawa yake ni ndoo moja ya maji kila wiki. Miaka yote alikuwa akiimwaga Jumatatu bila kuambiwa na mtu. Tangu nyumba itangazwe, aliacha. Hakuvunja kitu, hakuiba, wala hakumdanganya mtu. Wanunuzi walisifu ngazi, wakasifu bustani, wakafika ukumbini wakashika pua. Dalali aliapa kuna panya amefia darini. Fundi akapanda, akashuka na utando wa buibui kichwani. Ukapita mwaka.

Ndipo mtoto mkubwa wa marehemu, yule ambaye Dada alimlisha uji kwa kijiko, akamtuma mpambaji. Kumbe siku hizi nyumba inayouzwa nayo hupambwa kama bibi harusi! Mama huyo alikuja na lori la makochi meupe, bakuli la malimau yasiyoliwa, na vitabu vilivyochaguliwa kwa rangi ya majalada. Kila kitanda kiliwekewa mito saba.

"Watu wawili, mito saba," Dada alisema. "Wenyewe walale wapi?"

"Si ya kulalia, mama. Ya kutazama."

Picha za familia zote zikashushwa, zikatiwa kwenye maboksi. Mpambaji alieleza kuwa mnunuzi anataka kujiona yeye humo, siyo bibi wa watu. Dada alijiapiza asimsaidie, lakini mikono haikumsikiliza. Aliona shuka lina kunyanzi, akalipigia pasi palepale kitandani. Akaona kioo kina alama za vidole, akakifuta.

Harufu tu ndiyo iliyomshinda mpambaji. Alileta mishumaa, akaleta maua, akachemsha kahawa. Siku ya tatu alimpigia simu mtoto wa marehemu, simu iko juu ya meza, spika imewashwa.

"Kaka, nyumba ni nzuri, ila haikutunzwa. Niseme ukweli, mliyemwachia amewaangusha."

"Basi ndiyo hivyo," sauti ikajibu. "Ameshazeeka yule."

Dada alisikia yote, pasi mkononi. Hasira ilimpanda hadi macho yakamwuma, na aibu ikaja nyuma yake. Haikutunzwa? Nyumba aliyoipiga deki kwa magoti haya? Aliiweka pasi chini, akajaza ndoo, akaenda bafuni, akaimwaga yote mbele ya mpambaji. Kisha akafungua madirisha.

"Subiri kwa muda wa saa mbili," alisema. "Halafu uniambie nani hakutunza."

Saa mbili hazikutimia. Mpambaji alinusa, akanusa tena, akamkumbatia.

"Mama, kumbe ulikuwa unajua!"

"Naijua nyumba hii kuliko ninavyojijua."

Maneno yalipomtoka ndipo akaitazama ndoo tupu mkononi. Hasira hasara. Alikaa kwenye ukingo wa bafu mpaka mpambaji akamwuliza kama anaumwa.

Wanunuzi walipokuja, kitanda chake kilitolewa nje kikafunikwa turubai, na chumba chake kikatandikwa mkeka na vyuma vya kunyanyua. Dalali alisema ni chumba cha mazoezi. Mke wa mnunuzi alivuta pumzi ukumbini akasema hapa panafaa. Baada ya wiki mbili simu ikalia, ni yule mtoto mkubwa wa marehemu.

"Dada, umetuokoa! Wamenunua. Ila wanakuja na wafanyakazi wao, kwa hiyo mwisho wa mwezi... Kwenu si wapo?"

Hapo ndipo pa kusema hapana. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini kumwambia mtoto aliyemlisha kwamba hana kwao, yeye Dada aliyekuwa akiaga kila likizo kwenda kwao na mizigo ya zawadi, hakuweza. Afadhali afe.

"Wapo, baba. Wananisubiri hata sasa."

"Oh, nilikuwa na wasiwasi. Nitakutumia gari Jumamosi, likufikishe mpaka mlangoni."

Jumamosi gari likaja. Dereva alikuwa mtu wa heshima. Alipakia kitanda, sanduku na redio, akamfungulia mlango wa mbele.

"Tunaelekea wapi, mama?"

"Nyoosha tu."

Walinyoosha mpaka barabara ikaisha kwenye njia panda. Dereva akasimamisha gari, akawasha taa ya kulia, akaizima.

"Kulia au kushoto?"

Dada alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akamwuliza dereva yeye mwenyewe huwa anarudi kwake upande gani.